Kabla ya kununua kadi ya picha kwa hela ya korosho, pima kwanza nani anachelewesha gemu lako

Msangamkuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Niko Mtwara mjini, Chikongola. Nina chumba kidogo chenye kompyuta nne, vijana wa mtaani na wanachuo wanakuja kucheza kuanzia saa kumi jioni mpaka usiku. Huu ni mwaka wa sita. Kila minada ya korosho inapoanza, mwezi wa kumi huo, simu yangu haipumziki: "Kaka, mzee kanipa hela, gemu linakatakata, ninunue prosesa au kadi?" Na karibu kila anayepiga ameshapewa jibu na mtu mwingine. Huyu kaambiwa prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, aweke kubwa. Yule kaambiwa prosesa haina maana, gemu ni kadi tu. Wanapanda basi kwenda Kariakoo, wanarudi na kitu, gemu linakatakata vilevile.

Inaniuma kwa sababu najua hela ile inavyopatikana. Mtu amepulizia mikorosho, ameokota, amebeba magunia ghalani, amesubiri malipo, halafu laki tatu inakwenda kwenye kifaa ambacho hakikuwa na kosa.

Na mimi mwenyewe yalinikuta. Mashine yangu ya kwanza ni Dell OptiPlex 7010, zile za maofisini zinazokuja mtumba. Ilikuwa na prosesa Core i5-3470, RAM GB 8 na kadi ya GT 1030. Gemu la GTA V lilikuwa linatembea kwa fremu 26 au 27, yaani picha nzima zinazochorwa kwenye kioo, kwa sekunde kwa picha ya 1920 kwa 1080. Muuzaji mmoja akanishawishi niweke Core i7-3770. Nikatoa hela, nikafungua kesi, nikabadilisha. Nikawasha gemu, nikaenda palepale katikati ya mji ambapo huwa linasuasua, nikaangalia namba kwenye kona ya kioo: 27. Nikazunguka lile jengo na gari mara tatu. 27. Nikazima kompyuta, nikawasha upya. 27.

Baadaye ndipo nikasoma mapendekezo ya watengenezaji wenyewe wa GTA V kwa toleo la kompyuta lililotoka 2015. Prosesa ya Intel waliyoipendekeza ni i5-3470, ileile niliyoichomoa. Kadi ya Nvidia waliyoipendekeza ni GTX 660, na GT 1030 yangu haiifikii. Jibu lilikuwa limeandikwa wazi na mimi sikulitafuta.

Sasa nieleze kazi ya kila mmoja jinsi nilivyokuja kuielewa.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani sokoni. Shule zikikaribia kufunguliwa alikuwa anapata oda za sare. Yeye ndiye mkataji: anapima, anachora kwa chaki, anakata. Kila kitambaa kinahitaji akili yake, huyu mrefu, yule mnene, huyu kola yake tofauti. Vipande vikishakatwa vinakwenda kwa mafundi wa cherehani waliokaa safu, kila mmoja anapiga mshono uleule bila kuuliza. Prosesa ni mkataji. Ndiyo inayoamua gari hili liko wapi, polisi anakimbilia upande gani, mpira umegonga mguu au umepita, kisha inaiandikia kadi orodha ya vitu vya kuchora. Kadi ni ile safu ya vyerehani: inachukua orodha na kupaka rangi kila nukta ya kioo. Ndiyo maana i5-3470 ina kori nne tu, yaani vichwa vinne vya kufikiri, kila kimoja kina akili nyingi, wakati kadi kama GTX 1650 ina vitengo vidogo 896 vinavyofanya hesabu ya aina moja kwa pamoja. Huwezi kumpa mshonaji kazi ya kukata, wala mkataji peke yake hawezi kushona sare 300 kwa wiki.

Na hapa ndipo penye siri yenyewe. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu. Ukiridhika na 30, ina 33.3. Prosesa na kadi hufanya kazi kwa kufuatana: kadi ikiwa inapaka fremu hii, prosesa tayari inaandaa inayofuata. Kwa hiyo muda wao haujumlishwi. Anayechukua muda mrefu zaidi ndiye anayeamua. Tuseme kwenye mashine yangu prosesa ilikuwa inamaliza kwa milisekunde 12, na kadi inahitaji 37. Gawanya 1000 kwa 37, unapata 27. Nikaleta mkataji hodari zaidi, anamaliza kwa 9. Mshonaji bado anahitaji 37. Utapata 27 mpaka kiama.

Kujua nani anachelewa hakuhitaji hela. Ingia kwenye gemu lako, nenda mahali linaposumbua, soma fremu. Kisha shusha ukubwa wa picha peke yake, kutoka 1920 kwa 1080 mpaka 1280 kwa 720, usiguse kingine, rudi mahali palepale, soma tena. Umepunguza nukta kutoka 2,073,600 hadi 921,600, yaani chini ya nusu. Ni sawa na kuwaambia wa cherehani waache kudarizi nembo mfukoni: wao wamepumua, lakini mkataji kazi yake ni ileile. Fremu zikipanda sana, aliyekuwa anachelewa ni kadi. Zikibaki palepale, ni prosesa, na kadi hata uibadilishe na ya milioni mbili hutaona kitu.

Kabla ya kupima, zima ule mpangilio wa gemu (VSync) unaofunga fremu zisizidi kasi ya kioo, maana ukifungwa kwenye 60 wote wawili wanaonekana wanapumzika. Kama ni laptop, chomeka chaji, kwa sababu nyingi zikiwa kwenye betri hujipunguza nguvu zenyewe.

Mtego mmoja umewaponza wengi. Mtu anafungua Task Manager, ile programu ya Windows inayoonesha kompyuta inavyotumika, anaona prosesa iko asilimia 40, anasema "prosesa yangu inapumzika, tatizo si yeye." Asilimia ile ni wastani wa kori zote. Gemu mara nyingi lina mlolongo mmoja mkuu wa kazi ambao haugawanyiki, kwa hiyo kori moja inaweza kuwa imejaa kabisa na nyingine tatu zinachungulia. Kwenye kori nne, moja ikijaa peke yake utasoma asilimia 25. Bonyeza kulia kwenye ule mchoro, chagua uoneshe kila kori. Kwa upande wa kadi usomaji ni rahisi zaidi: ikiwa asilimia 97 hadi 99 muda wote, yeye ndiye anayechelewa. Ikiwa 60 huku gemu linasuasua, inasubiri kuletewa kazi.

Mwenye swali aweke hapa, na aandike mashine yake ina nini.

Mtoto wa Ndoro

Asante sana kaka Msangamkuu. Mimi niko Lindi, na uzi huu umenigusa. Mwezi uliopita nimenunua kadi ya GTX 1650, nimeweka kwenye OptiPlex kama yako. Prosesa ni i3-3220. RAM GB 8, vijiti viwili. Nikiwa nje ya mji kwenye GTA V mambo safi kabisa, zaidi ya 70. Nikiingia mjini kwenye magari mengi, linaganda kidogo, linaruka, linaganda. Aliyeniuzia anasema kadi ni nzima, labda Windows. Nimepiga Windows upya mara mbili. Hakuna kilichobadilika na bando limeisha.

Msangamkuu

Pole mdogo wangu. Usipige Windows tena. i3-3220 ina kori mbili tu, na mjini ndiko kwenye watu na magari ambayo prosesa inabidi iyafikirie moja moja. Sitaki kukuhukumia kwa kubahatisha lakini. Fanya kile kipimo, simama makutano yaleyale, 1080 kisha 720, uniletee namba.

Kisima cha Mikindani

Mkuu naomba nitofautiane na wewe. Mimi nimejenga kompyuta nyingi na msimamo wangu ni kwamba kwenye gemu prosesa ni kama boda tu ya kuipeleka kadi kazini. Weka kadi kubwa, shusha vitu vidogo vidogo kwenye mipangilio, maisha yanaendelea. Watu wanatishwa bure na habari za prosesa.

Msangamkuu

Mkuu nakuheshimu na kazi zako nazijua, lakini hapo tusipotoshe vijana. Unachosema ni kweli kwa magemu yenye picha nzito ambayo dunia yake ina vitu vichache vya kufikiri. Chukua Football Manager, gemu la kuwa kocha wa timu: unaposubiri ligi zote zicheze mechi zao za wikiendi, kadi haina kazi, ile ni hesabu ya prosesa mwanzo mwisho. Chukua Cities: Skylines, mji ukikua kila raia ana safari yake, na kadi yoyote utakayoweka haitamsaidia hata mmoja kupata njia.

Na hata ndani ya gemu moja, mipangilio haimlemei mtu mmoja. Vivuli, nyasi, maji, kulainisha kingo, hivyo ni vya kadi. Idadi ya watu mitaani na umbali ambao vitu vinaanza kuonekana vinaiangukia sana prosesa. Ubora wa sura za vitu, yaani ile ngozi ya ukuta na lami, unataka kumbukumbu ya kadi: yenye GB 2 ikijaa, gemu linaanza kwenda kuchota kwenye RAM ya kompyuta na hapo ndipo unaona kustuka. Sasa mtu anayeshusha vivuli huku tatizo lake ni watu mitaani, anaharibu picha yake na hapati kitu.

Nikupe mfano mwingine wa prosesa. 2022 AMD walitoa Ryzen 7 5800X3D. Kori ni nane, sawa na ndugu yake 5800X, na kasi yake kwa gigahezi ni ndogo kuliko ya ndugu yake. Walichoongeza ni ile kumbukumbu ya ndani ya prosesa, kutoka MB 32 hadi MB 96. Kwenye magemu mengi ikampita ndugu yake waziwazi. Kwa nini? Kwa sababu mkataji ambaye chaki, futi na mkasi viko mezani pake hapotezi muda kuinuka kwenda kabatini. Kama prosesa ingekuwa boda tu, jambo hilo lisingeonekana kabisa.

Kisima cha Mikindani

Hiyo ya kumbukumbu ya ndani nimeielewa, na wa Football Manager ninao hapa wawili wanalalamika kila siku. Nakubali nilijumlisha mno. Ila mteja akija na hela kidogo na mashine haina kadi kabisa, bado nitamwambia aanze na kadi.

Msangamkuu

Hapo tuko pamoja mkuu.

Dada wa Chuno

Samahani wakubwa, naomba na mimi niulize. Mdogo wangu yuko chuo, ana laptop ya Core i5 ya kizazi cha sita, haina kadi ya peke yake. Anacheza gemu la mpira, linakwenda polepole kama watu wanatembea majini. Laptop haibadilishwi kadi. Je, ndiyo basi?

Msangamkuu

Karibu dada, wala si basi. Laptop ya namna hiyo ina kadi ndogo iliyokaa ndani ya prosesa yenyewe. Haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya kompyuta. Kwa hiyo njia ya kufika kwenye RAM ndiyo koo lake. Muombe afungue Task Manager, sehemu ya kumbukumbu, aangalie ni sloti ngapi zimetumika. Nyingi za mtumba zinakuja na kijiti kimoja cha GB 8. Akiongeza cha pili kinachofanana, vijiti viwili vinafanya kazi sambamba, njia inakuwa na upana mara mbili. Hata kwenye RAM za zamani za DDR3-1600, kijiti kimoja ni GB 12.8 kwa sekunde, viwili ni 25.6. Kwa kadi ya kuazima hiyo ni tofauti kubwa.

Dada wa Chuno

Kaangalia sasa hivi. Imeandikwa 1 kati ya 2.

Msangamkuu

Basi dada hapo ndipo pa kuanzia. Na asafishe feni, maana hewa yetu hii ya pwani na vumbi havipendani na laptop.

Fundi wa Ligula

Vijana, mimi ni fundi, nimekaa nasoma kimya. Msangamkuu umesema vizuri lakini kuna mambo umeyapita na ndiyo yanayoniletea wagonjwa.

La kwanza, hiyo GT 1030 yako. Zipo mbili zenye jina moja. Ya 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5, ya 2018 ina DDR4. Kwa macho, boksi ni lilelile na watu wanauziana bila kuambiana. Ya kwanza inasafirisha GB 48 kwa sekunde, ya pili 16.8. Vyerehani ni vilevile, lakini mlango wa kupitisha vitambaa umezibwa theluthi mbili. Ulikuwa na ipi?

La pili, umeme wa ndani. Sloti ya mazabodi, ile bodi kuu kadi inapochomekwa, inatoa wati 75 mwisho. GTX 1050 Ti na GTX 1650 za kawaida zinaishi humo ndani, ndiyo maana zinafaa kwa hizi mashine za maofisini ambazo pawasaplai zake, yale maboksi ya umeme ya ndani, hazina plagi ya kadi. Kadi ya wati 120 inataka plagi ya pini sita. Wiki mbili zilizopita kijana kaniletea kompyuta inanuka. Kafunga kadi ya namna hiyo kwa kiunganishi cha kugeuza plagi ya diski, ile ya SATA, iwe pini sita, kauziwa na mtu akaambiwa hakuna shida. Nimefungua: plastiki nyeupe imekuwa kahawia kama karanga iliyopitiliza kwenye kikaango, pini mbili zimeshikana, waya wa njano ngozi yake imechubuka ukiugusa inabaki mkononi. Ile plagi ya diski kwenye volti 12 inabeba wati 54, pini sita imetengenezwa kwa 75. Kitanda chake kilikuwa hatua mbili kutoka pale. Naomba sana, kadi inayotaka plagi iwekwe kwenye pawasaplai yenye plagi.

La tatu, kadi ya RX 6400. Inasifiwa kwa kutumia umeme kidogo, wati 53, na ni kweli. Lakini ina njia nne tu za kuongea na mazabodi, imetegemea mazabodi ya kisasa. Ukiiweka kwenye mashine ya 2012 kila njia inakwenda nusu ya kasi iliyotarajiwa, na kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa, utaona. Kwa OptiPlex 7010 ningechukua 1650.

Na la mwisho ni joto. Mashine nyingi ninazofungua hapa mjini hazina tatizo la prosesa wala kadi. Ile dawa ya joto iliyo kati ya prosesa na bomba la kupooza imekauka, ukiigusa inapukutika kama chokaa ya ukuta wa zamani. Kwenye mapezi vumbi limeshikana na unyevu likawa blanketi, upepo haupiti. Prosesa ikikaribia digrii 100 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo kijana anacheza dakika kumi vizuri, ya kumi na moja linaanza kusuasua, anaamua prosesa ni ndogo. Dalili ya joto ni hiyo: mwanzo zuri, baadaye baya. Prosesa iliyozidiwa ni mbaya tangu dakika ya kwanza. Hata miguu ya dhahabu ya kadi, hewa ya chumvi inaweka ukungu. Nachukua raba ya kufutia penseli, nafuta taratibu, narudisha.

Msangamkuu

Shikamoo mzee wangu. Nimekwenda kutoa ile GT 1030 kwenye boksi nikaisoma: ni ya DDR4. Miaka yote hii sikujua. Niliyoweka baadaye ni 1050 Ti, ambayo inasafirisha GB 112 kwa sekunde, na ndipo GTA V ikapanda mpaka hamsini na kitu bila kugusa prosesa. Sasa naelewa kwa nini kuruka kulikuwa kukubwa vile.

Fundi wa Ligula

Marahaba. Ndiyo hivyo.

Mkia wa Nyenga

Mimi niko Masasi, gemu la risasi la mtandaoni. Fremu zangu ni 90, prosesa na kadi hazifiki asilimia 80, lakini adui ananipiga kabla sijamuona na mara nyingine narudishwa nyuma hatua tatu. Ninunue nini?

Msangamkuu

Usinunue kitu, mkuu. Huo ni mtandao. Angalia ile namba ya milisekunde za kwenda na kurudi kwenye seva, ikicheza kati ya 80 na 400 ndiyo inayokurudisha nyuma. Tafuta seva iliyo karibu zaidi na jaribu kuunganisha kwa waya badala ya intaneti ya kurushiwa na simu.

Mtoto wa Ndoro

Kaka nimerudi. Nilichelewa kwa sababu umeme ulikuwa hautulii. Nimesimama makutano yaleyale, saa ileile ya ndani ya gemu, magari mengi.

1080: kati ya 34 na 41, ikiganda inashuka mpaka 19.
720: kati ya 35 na 41, ikiganda 19.

Kadi kwenye 1080 ilikuwa asilimia 55, kwenye 720 ikashuka mpaka 30 na kitu. Kori zote mbili zimejaa mpaka juu. Joto la prosesa 68, kwa hiyo si lile la mzee Fundi. Kisha nikashusha idadi ya watu mitaani mpaka mwisho, ikapanda mpaka 50.

Msangamkuu

Umepima vizuri kuliko wengi wanaojiita mafundi. Na hiyo 19 ndiyo uliyokuwa unaiona kwa macho. Wastani wa 38 unachezeka, lakini mkono unahisi ile fremu moja iliyochelewa, hauhisi wastani.

Ni prosesa. Sasa sikiliza. i3-3220 yako na i5-3470 zinakaa kwenye tundu lilelile na ni za kizazi kimoja, kwenye OptiPlex 7010 inaingia bila kubadilisha kitu kingine. Yako inakula wati 55, hiyo 77, pawasaplai ya mashine kubwa ya wati 275 inamudu pamoja na 1650. Mashine yako ni ile ya kusimama au ile nyembamba?

Mtoto wa Ndoro

Ya kusimama kaka.

Msangamkuu

Vizuri. Basi ile i5-3470 niliyoichomoa bila sababu bado ninayo, iko kwenye droo, imefungwa kwenye karatasi ya fedha. Nakutumia kwa gari la asubuhi. Usinilipe prosesa, lipa nauli ya mzigo tu. Tafuta dawa ya joto hapo Lindi, weka kiasi cha punje ya choroko katikati, usipake kama siagi. Usishike sehemu ya chini. Pembe ina alama ya pembetatu, ilingane na ya kwenye tundu, ikikaa yenyewe ndipo ufunge, usilazimishe.

Dada wa Chuno

Nami nilete mrejesho. Kijiti cha pili kimepatikana, kimewekwa na fundi hapa Chuno mbele ya macho yangu. Mdogo wangu anasema wachezaji sasa wanakimbia. Fremu zilikuwa 22 hivi, sasa 33 mpaka 36. Mungu awabariki.

Mtoto wa Ndoro

Mzigo umefika saa nne, nimeupokea stendi. Nimefungua, dawa ya zamani ilikuwa kama alivyosema mzee Fundi, imepukutika yote kwenye kitambaa. Nimeweka, nimewasha, imeitambua mara moja.

Makutano yaleyale, 1080, watu mitaani nimewarudisha kama mwanzo: kati ya 56 na 63. Ya chini kabisa niliyoiona ni 44. Nimeendesha kutoka ufukweni mpaka katikati ya mji bila kuganda hata mara moja, nimerudia na usiku kwenye mvua. Kisha nikapandisha vivuli na nyasi mpaka kadi ikafika asilimia 96, bado niko juu ya 50.

Ile i3 nimeifunga kwenye karatasi ileile ya fedha. Nairudisha kwa gari la kesho?

Msangamkuu

Kaa nayo hapo Lindi. Atakayekuja na Pentium ya tundu hilo, mpe.